Mwana wa Muuza Nguo Aliyekuwa Jaji wa Rufani

Tuliombwa tuzungumze habari za kazi ya jaji wa rufani: ni mtu wa namna gani, na afanya nini mchana kutwa katika korti ambamo haingii shahidi hata mmoja. Tukaona kwamba tukisema juu ya cheo kitupu mtasinzia, na haki yenu kusinzia. Basi tumemchagua mtu mmoja, tumfuate tangu alipozaliwa hata alipozikwa, ili kazi yenyewe ionekane ndani ya maisha yake. Mtu huyo ni Mwingereza, Alfred Thompson Denning, ambaye watu wote walimjua kwa jina la Lodi Denning. Alikuwa jaji kwa muda wa miaka 38, na katika hiyo miaka 34 aliketi kusikiliza rufani. Wanafunzi wa sheria wa Nairobi, Kampala na Dar es Salaam husoma hukumu zake. Wako wamsifuo na wako wamlaumuo, na sisi leo tutafanya yote mawili.

Alizaliwa tarehe 23 Januari 1899 katika Whitchurch, mji mdogo wa Hampshire, kusini ya Uingereza. Baba yake alikuwa na duka la nguo, na mama yake alikuwa mwalimu kabla ya kuolewa. Watoto walikuwa sita, wanaume watano na msichana mmoja, wala mali haikuwa nyingi. Alisoma katika shule ya Andover, mji wa jirani, na kwa bidii yake akaingia Chuo Kikuu cha Oxford mwaka 1916 kusoma hesabu. Wakati ule Ulaya nzima ilikuwa vitani. Ndugu yake mkubwa aliuawa Ufaransa mwaka uo huo 1916. Ndugu wa pili, aliyekuwa katika manowari, alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1918. Yeye mwenyewe alipelekwa Ufaransa mwaka 1918 katika kikosi cha wahandisi, ambao kazi yao ilikuwa kutengeneza barabara na kutandika madaraja ili jeshi lipite. Shikeni neno hili la madaraja, maana tutakutana nalo tena Mombasa. Katika ndugu wawili waliosalia, mmoja alikuja kuwa jenerali na mwingine admirali, na duka lile la nguo likawa limetoa jenerali, admirali na jaji.

Vita vilipokwisha alimaliza masomo yake ya hesabu, akafundisha mwaka mmoja katika shule ya Winchester. Walimu mtuwie radhi, lakini kazi ile haikumkaa. Siku moja alikwenda kusikiliza mashauri yaliyokuwa yakikatwa katika ngome ya Winchester, na hapo moyo wake ukageuka. Akarudi Oxford kusoma sheria, akawa wakili mwaka 1923, akapanda polepole, na mwaka 1944, umri wake miaka 45, akafanywa jaji. Kwanza alipewa mashauri ya talaka, na mwaka uliofuata akahamishiwa kwenye madai mengine pamoja na rufani za askari na wajane waliokuwa wakidai malipo ya vita.

Katika rufani hizo za vita alisema neno moja mwaka 1947 ambalo limefika hata kwetu. Askari mmoja alikuwa amekufa kwa ugonjwa wa donda la saratani, na mjane wake akadai kwamba ugonjwa ule ulitokana na utumishi wake vitani. Ilimlazimu jaji aeleze ushahidi uwe na uzito gani ndipo neno lihesabiwe kuwa limethibitika. Akasema kwamba katika kesi ya jinai, mshitakiwa asihukumiwe mpaka pasiwepo shaka la maana. Lakini haina maana kwamba pasiwepo hata kivuli cha shaka, kwani sheria ingeshindwa kuwalinda watu kama ingekubali kila dhana ya mbali ipotoe haki. Na katika madai, yatosha ikiwa neno lina uelekeo wa kuwa kweli kuliko kutokuwa kweli. Majaji wa Afrika ya Mashariki wameyataja maneno hayo katika hukumu zao mara nyingi sana. Na mjane yule alishindwa. Twataja jambo hili mapema ili asije mtu akadhani kwamba Denning alikuwa akimpa ushindi kila aliyelia mbele yake.

Mwaka 1948 aliingia Korti ya Rufani, na hapa yafaa tueleze kazi yenyewe. Mtu akishindwa katika korti ya chini na kuona ameonewa, hukata rufani. Katika Korti ya Rufani ya Uingereza majaji huketi aghalabu watatu pamoja. Hawaiti mashahidi; hawauoni uso wa mdai ukibadilika, wala mikono ya mdaiwa ikitetemeka. Huletewa kitabu cha maneno yaliyokwisha kusemwa na kuandikwa, kisha mawakili hushindana mbele yao juu ya sheria. Majaji wawili wakiwa na neno moja, hilo ndilo hukumu. Yule wa tatu akiwa na mawazo mengine, hutoa sababu zake peke yake, nazo huandikwa katika vitabu vya sheria pamoja na za wenzake. Watu wengi huziona sababu za jaji aliyeshindwa kuwa ni karatasi ya bure, kwani hazimpi mtu shamba wala fedha. Tutaona kwamba si hivyo. Na juu ya Korti ya Rufani palikuwa na korti moja tu, ya majaji wa Baraza la Malodi, iliyodumu mpaka mwaka 2009 ilipokabidhi kazi yake kwa Mahakama Kuu Kabisa iliyoundwa upya.

Denning alipandishwa kwenye Baraza la Malodi mwaka 1957. Mtu mwingine angalijiona amefika kileleni, akatulia. Lakini huko majaji waliketi watano, na mara nyingi alijikuta peke yake kati ya wanne wasiolikubali neno lake. Basi mwaka 1962, nafasi ya Mkuu wa Hati ilipokuwa wazi, alishuka kwa hiari yake akarudi Korti ya Rufani. Jina la cheo hicho ni la kale, kwani zamani mwenye nacho alitunza magombo ya serikali. Lakini katika zama zake Denning, Mkuu wa Hati ndiye aliyekuwa mkuu wa Korti ya Rufani kwa mashauri ya madai. Katika korti ya watatu alihitaji kumvuta mwenzake mmoja tu. Tena mkuu ndiye apangaye majaji gani waketi pamoja na mashauri yapi yaje mbele yake, na wasiompenda walisema kwamba alijichagulia. Alikaa katika cheo hicho miaka 20.

Sasa tuseme jinsi alivyoandika, maana kwa neno hili hata adui zake walimsifu. Hukumu nyingi za Kiingereza za siku zile zilikuwa na sentensi ndefu na Kilatini ndani yake, hata mtu aliyeshinda asijue kwa nini ameshinda. Denning aliandika kama mtu amsimuliaye jirani yake. Alianza na mahali na mtu: kijiji fulani, mzee fulani, mali yake kitu gani. Ndipo akaeleza ugomvi, na sheria ikaja mwisho. Sentensi zake zilikuwa fupi. Msomaji alipofika kwenye sheria alikuwa amekwisha kujua ni nani aliyeumizwa, na hapo, kama tutakavyoona, palikuwa na nguvu yake na hatari yake pia.

Chukueni shauri la mzee mmoja wa Lancashire aliyekuwa mchuuzi wa makaa ya mawe. Hakuwa na duka. Mali yake ya biashara ilikuwa lori, mizani na mawe ya kupimia. Umri wake ulipopita miaka 70 na afya yake kudhoofika, mwezi wa Machi 1962 alimwachia mtoto wa nduguye biashara ile. Wakaandikiana kwamba kijana atamlipa mzee pauni 6 na shilingi 10 kila juma maadam yu hai, na mzee akifa, kijana atamlipa mjane pauni 5 kila juma maisha yake yote. Mzee akafa mwezi wa Novemba 1963. Kijana akampa mjane pauni 5 mara moja, kisha akafumba mkono.

Mjane akaenda kortini. Jawabu la kijana lilikuwa hili: mimi sikupatana na mama huyu, nilipatana na marehemu. Msicheke, kwani kwa sheria ya Kiingereza ya wakati ule jawabu hilo lilikuwa na nguvu. Asiyekuwa mmoja wa waliopatana hakuweza kudai kwa mapatano yale, hata ikiwa yalifanywa kwa ajili yake. Aliyekuwa na haki ya kudai ni marehemu, na marehemu hadai. Nadhani hapana baraza la kijiji lisilolijua shauri la namna hii, ambapo maneno yalisemwa mbele ya mgonjwa, na mgonjwa alipozikwa yakazikwa naye.

Mwaka 1966 Denning na wenzake walimpa mjane haki yake. Sababu ya kwanza ilikuwa kwamba yeye ndiye msimamizi wa mali ya marehemu, hivyo aweza kusimama mahali pa mumewe na kumlazimisha kijana atimize ahadi. Lakini Denning aliongeza ya pili: kwamba mjane, kwa nafsi yake, ana haki ya kudai, kwa kuwa mapatano yalifanywa kwa faida yake. Shauri lilipopanda Baraza la Malodi mwaka 1967, Malodi waliithibitisha sababu ya kwanza, na mjane akaendelea kushinda. Ya pili hawakuikubali. Kwa mjane ilikuwa mamoja, maana fedha zilikuja. Kwa Denning haikuwa mamoja, kwani fikira ile alikuwa ameishika tangu mwaka 1949. Wajane wasiokuwa wasimamizi wa mirathi wangefanya nini?

Shauri jingine ni la mkulima mzee wa kijiji cha Broadchalke, katika Wiltshire. Nyumba yake ya shamba ilikuwa na umri wa miaka 300, na ndiyo mali aliyokuwa nayo peke yake. Mwanawe alikuwa na kampuni iliyodaiwa na benki, na benki hiyo hiyo ndiyo mzee mwenyewe aliyoiamini kwa miaka mingi. Mzee akamdhamini mwanawe, kisha akaongeza dhamana. Mwezi wa Desemba 1969 mtu wa benki akaja nyumbani kwake pamoja na kijana, karatasi zimekwisha andikwa, na mzee akatia sahihi. Deni lililoshikwa na nyumba likafika pauni 11,000, na thamani ya nyumba ilikuwa pauni 10,000. Hapana aliyemwambia, mzee, nenda kwanza ukamwulize wakili wako. Kampuni ikaanguka, na benki ikaja kumtoa nyumbani. Jaji wa korti ya chini alimhurumia, walakini akaona kwamba mtu akiisha kutia sahihi amejifunga.

Mwaka 1974 Korti ya Rufani iliifuta karatasi ile. Majaji wawili walisema kwamba kwa kuwa mzee aliitegemea benki impe shauri jema, benki ilikuwa na wajibu wa kumwonya, na haikumwonya. Denning alikubali, lakini alitaka kwenda mbali zaidi. Alisema ipo kanuni moja kubwa iliyofichika ndani ya hukumu nyingi ndogo za kale: mnyonge akibanwa na haja, au ujinga, au kutegemea, akapatana na mwenye nguvu kwa mapatano ya kumpunja, wala hakupata mtu wa kumshauri, korti yaweza kuyavunja mapatano hayo. Mwaka 1985 Malodi waliikataa kanuni hiyo kubwa. Sababu ile ya majaji wawili ikasimama. Sisi twaona Malodi walikuwa na hoja, kwani katika soko lolote ni nadra watu wawili kuwa sawa kwa nguvu, na kama kila mnyonge aweza kuvunja mapatano, hapana atakayekubali kupatana na mnyonge. Hata hivyo, wazee ambao huitwa kushuhudia mtu akitia dole gumba katika karatasi ya rehani, wakumbuke swali la Broadchalke: je, mzee huyu amepata mtu wa kumshauri asiyekuwa upande wa mkopeshaji?

Kwa wake walioachwa alifanya vivyo hivyo. Mume alikuwa akiondoka, nyumba ina jina lake peke yake, kisha wanaomdai wakaja kumtoa mke. Kuanzia mwaka 1952 Denning na wenzake waliamua kwamba mke aliyeachwa ana haki ya kukaa, hata mbele ya wadai wa mumewe. Malodi wakaifuta sheria hiyo mwaka 1965. Lakini watu walikuwa wamekwisha kuliona jambo lenyewe, na mwaka 1967 bunge lilitunga sheria ya kumlinda mke katika nyumba ya ndoa.

Turudi sasa kwenye zile sababu za jaji aliyeshindwa. Mwaka 1951 kijana mmoja alileta madai kortini. Alikuwa ametia pauni 2,000 katika kampuni ya machimbo ya bati kwa kuamini hesabu zilizoandikwa na wataalamu wa hesabu za kampuni ile. Hesabu ziliandikwa kwa uzembe, kampuni ikafa, fedha zikapotea. Majaji wawili walisema kwamba wataalamu hawakupatana na kijana, hivyo hawana wajibu kwake. Denning alisema kwamba mtu ambaye kazi yake ni kutoa maneno ya kutegemewa, akijua fulani atayategemea, sharti ayatoe kwa uangalifu. Akaandika pia kwamba katika historia ya sheria daima kumekuwa na majaji waoga na majaji wenye kuthubutu, na kwamba sheria imeendelea kwa hao wa pili. Kijana hakupata hata senti. Ilipita miaka 12. Mwaka 1963, katika shauri jingine kabisa, Malodi waliyarudia maneno yale ya Denning na kuyafanya sheria. Tangu hapo mtaalamu atoaye shauri la uzembe kwa mtu anayemtegemea hawezi tena kujificha kwa kusema, hatukupatana. Kijana wa bati, kwa kadiri ya shauri lake, alikuwa amefika mapema mno.

Si mara zote aliheshimiwa hivyo. Mwaka uo huo 1951 Lodi Simonds alimkemea waziwazi. Denning alikuwa amesema kwamba sheria ya bunge ikiwa na pengo, jaji na atafute nia ya bunge, alizibe. Simonds akasema kwamba kufanya hivyo ni kuinyang'anya bunge kazi yake, na kwamba pengo likionekana, dawa ni bunge litunge sheria nyingine. Msilipuuze neno la Simonds. Mkulima na mfanya biashara wote wawili hutaka kujua leo sheria itasema nini kesho, na jaji anayegeuza kanuni ili amsaidie aliye mbele yake huwatikisa elfu wasiokuwapo. Ugomvi huu wa haki ya mtu mmoja na uthabiti wa sheria haukuisha kwa Denning wala kwa Simonds, na kila aliyewahi kukata shauri la mpaka wa shamba ameuonja.

Tumeahidi kufika Mombasa. Tangu mwaka 1931 palikuwa na daraja la kuelea kutoka kisiwani hata Nyali, mali ya kampuni, na waliovuka walilipa ushuru. Ukatokea ugomvi, je, askari na magari ya jeshi nayo yalipe? Shauri lilisikilizwa London, na mwaka 1955 likaletwa Korti ya Rufani, mbele ya mtu ambaye ujanani alitandika madaraja kwa ajili ya jeshi. Ilibidi majaji watazame hali ya pwani ya Kenya, ambayo kwa mkataba ilikuwa bado nchi ya Sultani wa Unguja, ikitawaliwa na Waingereza, na sheria ya Kiingereza ilikuwa imeletwa huko kwa sharti kwamba itumike kwa kadiri hali ya nchi na ya watu inavyoruhusu.

Hapo Denning akaleta mfano wa mwaloni, mti wa Ulaya wenye mbao ngumu sana. Alisema kwamba huwezi kuuhamisha mwaloni wa Uingereza ukaupanda katika ardhi ya Afrika na kutazamia uwe na ugumu ule ule; utaota, lakini wahitaji kutunzwa. Ndivyo ilivyo sheria ya Kiingereza. Watu wa nchi za mbali wapate sheria watakayoifahamu na kuiheshimu, na yasiyowafaa yakatwe. Majaji wengi wa Afrika wameutumia mfano huo tangu siku hiyo. Nasi twausifu, ila twakumbusha kwamba ulisemwa London katika shauri la ushuru wa daraja, na kwamba mtunza bustani aliyefikiriwa siku ile alikuwa jaji wa serikali ya kikoloni. Hapana mvuvi wa Nyali aliyeulizwa ni mti gani angependa kuupanda.

Miaka michache baadaye aliongoza kamati juu ya mafunzo ya sheria kwa wanafunzi kutoka Afrika, na taarifa yake ikatoka mwaka 1961. Kijana wa Afrika alikuwa akienda London, akijifunza sheria ya ardhi ya Uingereza, kisha akirudi kwao wakili kamili, lakini sheria ya ardhi na mila za nchi yake hazimo katika vitabu alivyosoma. Kamati ikataka wanasheria wafunzwe katika nchi zao. Mwezi wa Oktoba mwaka huo chuo kikuu kilifunguliwa Dar es Salaam, katika nyumba ya TANU ya mtaa wa Lumumba, na somo la kwanza kufundishwa lilikuwa sheria, kwa wanafunzi wachache wa Tanganyika, Kenya na Uganda. Uhuru wa Tanganyika ukaja mwezi wa Desemba. Waliotoka katika mafunzo hayo ndio waliokuja kujaza viti vya mahakama zetu.

Tumemsifu vya kutosha. Tarehe 21 Novemba 1974 mabomu yalilipuka katika vilabu viwili vya pombe mjini Birmingham, yakaua watu 21. Waairishi sita walikamatwa, na mwaka 1975 wakafungwa maisha. Walisema kwamba walipigwa na askari mpaka wakakiri wasiyoyatenda. Wakaishitaki polisi kwa kupigwa huko, na mwaka 1980 shauri lao likafika mbele ya Denning. Yeye akalizuia lisisikilizwe. Sababu yake, kwa maneno yetu: watu hawa wakishindwa, muda na fedha za watu wengi zitakuwa zimepotea bure, wakishinda, itaonekana kwamba polisi walisema uwongo mbele ya korti, walipiga watu, na kwamba hukumu ilikosea, na jambo hilo lingekuwa la kutisha mno hata kila mtu mwenye akili angesema si sawa shauri liendelee. Wenzake wawili walikubali kulizuia, na Malodi nao mwaka 1981.

Mwaka 1991 watu wale sita walifunguliwa. Hukumu ilikuwa imekosea. Walikuwa wamekaa kifungoni zaidi ya miaka 16.

Isomeni tena sababu ile, wazee wetu. Hakusema kwamba wanadanganya. Alisema kwamba ikiwa wanasema kweli, ni jambo la kutisha mno kulisikia. Mtu yule aliyeiona mizani ya mchuuzi wa makaa, na nyumba ya mkulima ya miaka 300, hakuziona nyuso za hawa sita. Mjane na mkulima walikuwa watu wa kwao. Angeweza kuwauzia kitambaa dukani kwa baba yake. Wafungwa wale hawakuwa watu wa kwao. Twaona kwamba hapa ndipo panapojulikana upungufu wa haki itokayo moyoni mwa jaji bila kamba ya sheria: hufika mpaka pale moyo wenyewe unapofika.

Na mwaka 1982 jambo hilo likatokea kwa namna nyingine. Alitoa kitabu, na ndani yake akaandika kana kwamba baadhi ya raia weusi wa Uingereza hawafai kukaa katika baraza la wazee kumi na wawili wanaoamua kesi za jinai, akitaja kesi iliyosikilizwa Bristol baada ya ghasia za mwaka 1980. Watu wawili weusi waliokuwa katika baraza lile wakatishia kumshitaki, na mawakili weusi wakasema hafai tena kuwa jaji. Kitabu kiliondolewa madukani, naye akaomba radhi na kutangaza kwamba atastaafu. Umri wake ulikuwa miaka 83. Sheria ya kuwastaafisha majaji wakifika miaka 75 ilitungwa mwaka 1959, na haikumgusa aliyekwisha kuwa jaji kabla yake. Tungependa kusema kwamba angaliondoka miaka mitano mbele, jina lake lingalibaki jeupe zaidi. Lakini labda ingalikuwa ni jina tu lililo jeupe, na mtu yule yule.

Alirudi Whitchurch alikozaliwa, akakaa huko, akatimiza miaka 100 mwezi wa Januari 1999, akafa tarehe 5 Machi mwaka huo na kuzikwa huko huko. Mwezi wa Novemba mwaka uo huo bunge la Uingereza lilipitisha sheria kwamba mtu ambaye mapatano yamefanywa kwa faida yake aweza kudai mwenyewe, hata kama hakuwa mmoja wa waliopatana, ikiwa ndivyo wenye mapatano walivyokusudia. Ilikuwa ni ile sababu ya pili, ambayo Malodi walikuwa wameikataa mwaka 1967 katika shauri la mjane wa mchuuzi wa makaa.